Winchi ya nanga ya wati 1,000: misimu mitatu na mgongo mmoja

Nilinunua winchi hii kwa sababu ya mgongo. Mashua yangu ni ya futi 38, uzito wake tani tisa, na kwa miaka kumi na moja nilipandisha nanga kwa mikono, pete kwa pete, miguu nimeikaza pale omo, mbele kabisa ya mashua, kama mtu anayevutana na ng'ombe aliyegoma. Asubuhi moja niliinama, nikavuta, nikashindwa kunyooka. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye baharia wangu wa pekee, alimalizia kazi huku mimi nimelala chali sitahani nikimwelekeza kwa mdomo. Nanga ilipofika juu akakaa chini, akafuta matope usoni, akasema, "Shangazi, ama tununue winchi ama tuuze mashua."

Tukanunua winchi. Huu ni msimu wa tatu, na sasa naona naweza kuisema bila ile furaha ya siku za mwanzo wala ile hasira iliyonipata mwezi wa tatu baada ya kuinunua. Jina la kampuni nimeliacha makusudi. Lawama zangu nyingi zinazihusu winchi zote za aina hii, na sifa vilevile.

Ni winchi ya wima, ya umeme wa volti 12. Wima maana yake ekseli imesimama: juu ya sitaha unaona gurudumu la mnyororo na ngoma ndogo ya kamba juu yake, basi. Mota na giaboksi vimejificha chini, ndani ya stoo ya mnyororo. Zile za kulala ni rahisi zaidi kufunga kwa kuwa kila kitu kinakaa juu ya sitaha, lakini mota nayo inakaa huko huko, mvuani na kwenye mawimbi, tena mnyororo unashika robo tu ya gurudumu kabla ya kudondoka stoo. Kwenye ya wima mnyororo unazunguka nusu nzima. Pete nyingi zaidi zinakaa kwenye meno, na hilo ndilo lililonifanya niichague.

Kupandisha, inapandisha. Niliipima kwa saa ya mkononi: mnyororo bila mzigo hupanda mita 18 kwa dakika, na nanga ikishaning'inia mwendo hushuka hadi 13 hivi. Mnyororo wangu ni wa milimita 10, kila mita kilo 2.3 takriban, na ninao mita 50. Nanga ni kilo 20. Kwenye kina cha mita 10 winchi huwa inabeba kilo arobaini na kitu tu, maana mnyororo uliolala chini haumlemei mtu. Kijitabu kinataja mzigo wa kazi kilo 120 na mvuto wa juu kabisa kilo 850. Ukienda kununua, muuzaji atakutajia ile 850. Wewe uliza ile ndogo. Ile kubwa ni nguvu ya mota ikiwa inakaribia kukwama, na ukiikalisha hapo inaungua. Mimi nilijumlisha nanga na mnyororo wote, nikapata kilo 135, nikazidisha mara nne, nikahakikisha jibu halifiki namba kubwa. Hapo nikalala usingizi.

Kero ya kwanza ilikuja siku ile ile ya kufunga. Kwenye boksi imeandikwa "mnyororo milimita 10", na mnyororo wangu ni milimita 10, sasa tatizo litoke wapi? Tulipobonyeza kitufe, mnyororo ulipanda pete sita, saba, kisha ukaruka. Ta! Ukakaa, ukapanda, ukaruka tena. Fundi akasema meno ni mapya, yatazoea. Nikamwambia chuma hakizoei. Nikalaza mnyororo sitahani nikaunyoosha, nikahesabu pete kumi, nikapima kutoka mwanzo wa pete ya kwanza hadi mwanzo wa ya kumi na moja: sentimita 28. Gurudumu lilitengenezwa kwa mnyororo ambao pete zake kumi ni sentimita 30. Kumbe milimita 10 ni unene wa chuma tu. Kuna viwango viwili vya kutengeneza minyororo: wa kipimo cha DIN 766 una pete ya urefu wa milimita 28 kwa ndani, na wa ISO 4565 una milimita 30, na gurudumu la huyu halimkubali yule. Kwa mnyororo wa milimita 8 hakuna ugomvi huo, vipimo vyote viwili ni 24. Duka lilibadilisha gurudumu bila maneno, nalishukuru, ila mstari mmoja juu ya boksi ungetuokolea siku nzima.

Kuhusu umeme nitasema kidogo, ingawa ndipo pesa nyingi zinapoharibika. Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 83, na hapo winchi haijalemewa. Betri zangu ziko nyuma, mita 10 kutoka winchini, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 20 za waya. Fundi alikuja na waya wa milimita za mraba 16 kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Kwa ampea hizo ungepoteza karibu volti 1.8 njiani, na mota ingepata volti kumi na kitu, ivute kwa kunung'unika na ichemke. Tulitia waya wa 35, upotevu ukashuka hadi volti 0.8. Injini huiwasha kwanza kabla sijagusa kitufe chochote, ili betri isibaki peke yake na mzigo ule. Swichi kubwa ya kukata umeme nimeiweka ndani, kando ya ngazi, mahali ambapo hata mgeni anaiona. Nitairudia hiyo swichi.

Sasa mwezi wa tatu.

Tulikuwa tunakwenda dhidi ya upepo, bahari si mbaya sana, ila mawimbi yalikuwa mafupi na omo inapiga maji kwa nguvu. Nanga ilikuwa kwenye rola yake, lile gurudumu dogo la ncha ya omo ambapo mnyororo hupita, mnyororo umevutwa ukakazika, na kilichoishikilia ni klachi ya winchi peke yake. Ndivyo nilivyoelewa kijitabu: kaza klachi, nenda zako. Klachi ya winchi hizi ni koni mbili zinazogandamizana kwa nati ya juu. Ukiikaza kwa mkono wa winchi, gurudumu linafungwa na mota. Ukiilegeza, gurudumu linazunguka lenyewe na nanga inashuka kwa uzito wake. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimezipaka grisi, na kwa bidii ya mtu mwenye chombo kipya nikazipaka nyingi.

Omo ilizama kwenye wimbi, ikainuka, nanga ikaruka kutoka kwenye rola, ikarudi chini kwa kishindo. Koni zikateleza. Sauti iliyofuata sijawahi kuisikia tena na sitaki. Nilidhani injini imepasuka. Kijana akaruka kwenda mbele, na mimi kutoka kwenye usukani nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika: "Usiguse! Usiguse mnyororo!" Alikuwa tayari ameinua mguu aukanyage. Mnyororo unaokimbia haukanyagwi. Unachukua kiatu na kilichomo.

Mita 50 zote zilikwenda. Chini yetu kulikuwa na kina cha zaidi ya mita 60, kwa hiyo nanga haikugusa chochote, ikabaki imening'inia wima chini ya omo kama timazi ya fundi mwashi. Mwisho wa mnyororo ulikuwa umefungwa kwenye pete ya ndani ya stoo kwa kamba ya nailoni, mizunguko minne, na kamba hiyo ilikuwa ndefu kiasi cha kutokeza juu ya sitaha. Ilikazika ikalia, lakini ikashika. Wapo wanaofunga mwisho huo kwa pingu ya chuma, yaani kiungo kinachofungwa kwa pini, na wapo wasioufunga kabisa. Asiyefunga siku hiyo angeaga mnyororo wake. Aliyefunga kwa chuma, siku anayotakiwa kuuachia haraka, nanga imenasa na chombo kingine kinamjia, atakuwa anahangaika gizani na pingu yenye kutu. Kamba unaikata kwa kisu kimoja.

Nikaitoa injini kwenye gia. Tukafunga kamba nyingine kwenye pete zile za mwisho, tukaizungusha kwenye ngoma ya winchi mara nne, tukavuta taratibu mpaka mnyororo ukafika kwenye gurudumu na kukaa kwenye meno. Na hapa lazima niwe mkweli kwa winchi: uzito ule wote, kilo 135 zilizopunguzwa kidogo na maji, ilikuwa ndiyo mzigo wake wa kazi hasa, wala haikugoma. Tuliinua mita tano, tukapumzika dakika moja, tukaweka kiganja kwenye mota kuona joto, tukaendelea. Nusu saa hivi. Mtoto wa kaka yangu hakusema neno lolote mpaka nanga ilipotokeza.

Kwa hiyo hasira yangu haiko kwenye mota. Iko kwenye kijitabu cha kurasa 34 ambacho kinaeleza namna ya kusafisha plastiki ya rimoti lakini hakisemi kwa herufi kubwa, ukurasa wa kwanza, kwamba winchi ni ya kupandisha na kushusha. Kushika si kazi yake, chombo kikiwa safarini wala kikiwa kimetia nanga. Komeo la mnyororo, yaani kile kibao cha chuma kinachoangukia kati ya pete na kuuzuia usirudi, halimo kwenye boksi. Ukurasa wa 29 umelitaja kama "kifaa cha hiari". Kwangu mimi anayefunga winchi bila komeo hajamaliza kufunga.

Siku hizi nanga ikikaribia juu naacha kubonyeza mfululizo. Mita ya mwisho ni kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, maana nanga ikigonga rola mota ikiwa bado inavuta, kitu lazima kivunjike: rola, ekseli au fyuzi. Ikishakaa sawasawa naangusha komeo, napitisha pini kwenye matundu ya rola, kisha napitisha kamba ya milimita 8 kwenye tundu la mpini wa nanga, inashuka hadi kigingi cha omo, mizunguko mitatu, inakazwa. Halafu naishika nanga naitikisa kwa mikono miwili. Ikicheza hata kidogo tu, nafungua naanza upya, kwa sababu kinachocheza bandarini hugonga baharini. Mnyororo kati ya komeo na winchi unabaki umelegea, uninginie kidogo. Mwisho, kijana anashuka anazima ile swichi kubwa.

Kutia nanga nako kuna jambo lake. Chukua kina cha mita 6, ongeza mita moja ya kimo cha omo juu ya maji, ongeza mita moja maji yatakapojaa: mita 8. Natoa mara tano ya hizo, yaani mita 40 za mnyororo, na upepo ukitarajiwa kuwa mkali natoa wote na kuongeza kamba. Nimepaka mnyororo rangi kila mita 10, mstari mmoja, miwili, mitatu, ili nisibishane na kumbukumbu yangu. Nashusha kwa umeme, si kwa kulegeza klachi, labda pale ambapo nanga inatakiwa kufika chini haraka. Ukiiachia yote mara moja mashua ikiwa imesimama, mnyororo unamwagika juu ya nanga na kuifunga miguu.

Kisha, kabla ya kurudisha nyuma kwa injini ili nanga ijizike, mzigo unaondolewa kwenye winchi. Nina kamba ya nailoni ya milimita 16, urefu mita 9, yenye ndoano ya kushika pete ya mnyororo. Nafunga ncha yake kwenye kigingi, ndoano inashuka mbele ya rola, natoa mnyororo kidogo zaidi mpaka kamba ndiyo inayovuta na mnyororo unaninginia nyuma yake bila kazi. Nailoni hunyumbuka. Mnyororo uliokazika haunyumbuki hata chembe, kwa hiyo kila wimbi linalovuta omo linapeleka pigo zima kwenye ekseli na meno ya giaboksi. Usiku wa kwanza niliolala bila kamba hiyo nilisikia winchi ikipiga "gu" kila baada ya sekunde chache, juu kabisa ya kitanda cha mbele. Baada ya kuifunga, kimya. Nikitaka kujua kama nanga imeshika, naweka kiganja juu ya mnyororo mbele ya rola injini ikirudi nyuma: ukitulia imeshika, ukitetemeka na kugongagonga inaburura.

Wakati wa kung'oa, watu wengi huiua winchi kwa kuigeuza kamba ya kuvutia mashua. Wanasimama, wanabonyeza, tani tisa na upepo wote vinavutwa na mota ndogo. Mimi hukaa kwenye usukani, naipeleka mashua mbele taratibu, kijana ananyoosha mkono kuelekeza upande mnyororo ulipo, na winchi inakusanya tu ule uliolegea. Mnyororo ukishakuwa wima na nanga bado imezama kwenye matope, tunaangusha komeo na kuacha mashua yenyewe, ikiinuka na wimbi au ikisukumwa mbele kidogo na injini, iing'oe. Winchi inarudi kazini nanga ikishaachia.

Stoo yangu haina kina cha kutosha, na hilo si kosa la winchi. Baada ya mita 30 hivi mnyororo unajijenga kama kichuguu mpaka kwenye tundu la sitaha, unakwama. Inatakiwa ibaki nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya tundu na kilele cha rundo, ili uzito wa mnyororo unaoshuka uuvute unaofuata. Kwa hiyo mtu lazima aingize mkono aangushe kichuguu. Msimu wa kwanza kijana aliingiza mkono, akauangusha, akasema "tayari", nami nikabonyeza. Mkono ulikuwa bado ndani. Mnyororo ulipita sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake, ukaondoka na saa yake. Saa tu, nashukuru. Tangu hapo tumekubaliana: rimoti yetu ni ya waya, inachomolewa, na anayeingiza mkono ndiye anayeitia mfukoni mwake. Hakuna "tayari" wala "bado". Mwenye rimoti mfukoni ndiye anayejua. Na mtandio, nywele ndefu na mikono mipana ya sweta havifiki omo wakati winchi inazunguka.

Matunzo ni machache. Maji baridi kila tunaporudi, nati ya klachi inafunguliwa mara mbili kwa msimu, koni zinafutwa na kupakwa grisi kidogo, yaani kiasi cha kuacha mng'ao tu kwenye kidole. Oili ya giaboksi naiangalia kwenye kidirisha: ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Haijageuka. Kiwiliwili ni cha alumini na bolti ni za chuma kisichoshika kutu, na metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi alumini huliwa, kwa hiyo kila bolti niliipaka dawa ya kutenganisha kabla ya kuikaza. Mbili ambazo fundi alizikaza mimi nikiwa nimekwenda kunywa maji tayari zina unga mweupe pembeni. Pingu inayounga nanga na mnyororo naikaza kwa koleo, kisha nafunga pini yake kwa waya mwembamba isijifungue. Hiyo naikagua kila safari.

Nyota nne. Ya tano niliinyima kwa ajili ya kijitabu, na kwa ajili ya vitufe vya mguu ambavyo vililetwa bila vifuniko. Kitufe cha kushushia kinachomoza sitahani kama uyoga, na siku moja nikibadilisha tanga la mbele nilikipigia goti kwa uzito wangu wote. Ile swichi kubwa ilikuwa imezimwa, ndiyo maana nasimulia huku nacheka. Niliwaandikia kampuni barua ndefu kuhusu vifuniko, na kuhusu ukurasa wa 29. Kuhusu ukurasa hawakujibu. Vifuniko vilikuja baada ya wiki tatu, viwili, vyote vina mshale wa kupanda. Kimoja nimekifuta nikakichora mshale wa kushuka kwa rangi ya kucha.